Mizani ya korosho: ttyUSB0 haionekani kwenye Ubuntu 22.04

fundi_newala: Wakuu, habari za kazi. Mizani ya ghala la korosho huku Newala inatoa uzito kwa RS-232 (bandari ya mfululizo), imeunganishwa na laptopu kwa waya wa kugeuza kwenda USB. `lsusb` (orodha ya vifaa vya USB) inatoa 1a86:7523, namba za utambulisho za waya huo, na `lsmod` (orodha ya moduli zilizopakiwa) inaonyesha ch341, draiva ya chipu ya waya, ipo. Ila /dev/ttyUSB0, faili ambayo programu husomea waya huo, hakuna! Nikompaili kerneli (kiini cha Linux) upya?

kusini_linux: Kerneli usiiguse, mkuu. Chomoa waya, andika `sudo dmesg -w` (huonyesha ujumbe wa kerneli unapotokea), chomeka tena, usome mistari inavyofuatana. Ukikuta "now attached to ttyUSB0", kisha "claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1", halafu "disconnected", basi draiva ilishika kifaa ikanyang'anywa.

Brltty huhudumia vifaa vya nukta nundu vya wasioona. Kuna kifaa cha aina hiyo chenye chipu ileile ya waya wako, namba zilezile, kwa hiyo kanuni ya udev (huduma inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) haiwezi kuvitofautisha. Kama hakuna asiyeona anayetumia laptopu hiyo: `sudo apt remove brltty`, kisha chomoa na uchomeke. Kama yupo, tafadhali usimwondolee. Nakili 85-brltty.rules kutoka /usr/lib/udev/rules.d/ uiweke /etc/udev/rules.d/ kwa jina hilohilo, tia # mbele ya mstari wenye 1a86/7523, halafu `sudo udevadm control --reload`.

mnazi_lindi: Niongezee hapo kwenye `lsmod`, maana wengi hupotelea hapo. Kifaa kikichomekwa, kerneli husoma namba zake na kutunga modalias (jina la kutafutia draiva) inayoanza na usb:v1A86p7523. Udev huipeleka kwa kmod, nayo hupakia moduli yenye alias inayolingana (`modinfo ch341 | grep 7523`). Kisha kerneli huita probe (ukaguzi) ya draiva; ikikubali ndipo inashika interface (sehemu ya kifaa ambayo draiva huendesha), na interface moja haina wenyewe wawili. Moduli kupakiwa, kwa hiyo, si ushahidi kwamba imeshika kitu. Ushahidi uko kwenye `lsusb -t`: Driver=ch341 ni salama; Driver=usbfs, kuna programu imekalia.

fundi_newala: Nimeondoa brltty, ttyUSB0 imetokea na inakaa. Sasa programu ya kusoma uzito inasema "Permission denied".

kusini_linux: `sudo usermod -aG dialout $USER` (hukuingiza kwenye kundi lenye ruhusa ya kutumia ttyUSB0), toka kwenye akaunti kabisa uingie upya, kufunga tu dirisha la terminali hakutoshi. Kasi ya mawasiliano (baud) ya programu nayo ilingane na iliyowekwa kwenye menyu ya mizani, la sivyo utasoma herufi za ajabu badala ya kilo.