Tunataka kuingiza afya ya akili kwa mechi za mtaa Kayole, tuanzie wapi?

Kijana_wa_Soweto

Habari zenu wadau. Mimi niko Kayole hapa Nairobi, upande wa Soweto, tuko na kikundi cha vijana, kazi yetu ni kuzoa taka kwa ploti na jioni tunacheza mpira. Mwaka jana tulizika mmoja wetu. Venye alikuwa anacheka na kila mtu hakuna aliyejua anapitia nini, na mpaka sai akitajwa watu wananyamaza tu. Sasa tumekubaliana mwezi wa kumi, juu tarehe 10 Oktoba ndio Siku ya Afya ya Akili Duniani, tufanye mechi za mtaa na tuongee hii maneno waziwazi.

Shida ni kwamba hizi siku tunazijua. Mheshimiwa anafika amechelewa, tisheti zinagawanywa, mwenye maiki anasema vijana fungukeni, halafu Jumatatu kila mtu yuko kwa nyumba yake na mambo yake yaleyale. Hatutaki hiyo, tunataka kitu hata Januari bado kinaendelea. Pesa hatuna mingi, ni ile ya taka tunaweka kwa chama. Na wazazi wengine ukianza tu kuongea wanasema hiyo ni mambo ya watu wa Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, wengine ati ni mapepo. Wale mmefanya kitu kama hii kwenu mlifanya aje?

CHP_Huruma

Poleni sana kwa kumpoteza mwenzenu. Mimi ni CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii, huku Huruma, nazunguka nyumba kwa nyumba. Kwanza wekeni mpira kando kidogo mtafute mtu wa kupokea. Ukimwambia mtu afunguke na afunguke kweli, hapo uwanjani, saa kumi na moja jioni, utampeleka wapi? Hiyo mjue kabla hata hamjatafuta refa. Mtaa wenu uko na CHP, mtafuteni, nyumba zenu anazijua na kituo cha afya wanamjua, atawaambia kliniki ya afya ya akili iko siku gani na nani anakaa hapo. Halafu kuna ile namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni bure kupiga na unaongea na kaunsela. Msiiweke kwa bango la uwanjani peke yake juu hapo hakuna mtu ataiandika watu wakimwona. Iwekeni kwa kinyozi, kwa duka la M-Pesa, ndani ya mlango wa choo cha ploti, mahali mtu yuko pekee yake.

Kingine, msimuulize mtu mbele ya wenzake kama ako na depresheni. Mimi nikiingia kwa nyumba nauliza usingizi. Siku hizi unalala? Chakula kinapita? Ile kitu ulikuwa unapenda bado unaifanya? Mtu akiniambia ni wiki mbili na zaidi kila kitu kimekufa ladha, halali, hataki watu, hapo simwambii aombe tu halafu niende zangu, nampeleka kituoni, na kama anaogopa tunaenda sisi wawili.

Stage_Umoja

Mdogo wangu mimi ni mtu wa boda na nitakuambia ukweli, wanaume hawatakuja kikao. Watakuja mechi, na maiki ikianza kuongea watasonga kando wanunue maji. Sisi huongea tukiwa base, tumekaa kwa pikipiki macho yako barabarani, hapo ndio mtu anaweza kusema bibi amerudi kwao ama hajui watoto watakula nini.

Na hii mambo ya kaunsela naiheshimu lakini wasee wengi wanaoumia hapa ni pesa. Pikipiki ni ya mkopo, siku hujalipa inazimwa, sasa utafanyaje kazi ulipe? Mwenye ploti ameweka kufuli. Huyo ukimwambia avute pumzi pole pole utakuwa umemkosea heshima. Kwetu tulikubaliana kwa chama ya stage kwamba mtu akikosa kuonekana siku mbili na simu haishiki, wawili wanaenda kwake, na hawaendi kudai mchango, wanaenda kumwona. Mchango unangoja. Hiyo sheria tuliiandika kabisa kwa kitabu, ndio asijisikie kama ameonewa huruma, ni haki ya kila memba. Wewe na vijana wako wa taka mko na kitu kama hiyo tayari, mnapita kila mlango kila wiki, mnajua nani hafungui.

Nesi_Eastlands

Stage_Umoja hapo kwa pesa umesema kweli na ndio maana nataka niwaambie kuhusu Zimbabwe. Kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka wa 2006 alianza kitu Harare kinaitwa Friendship Bench. Madaktari wa akili walikuwa wachache sana nchi nzima, akafunza nyanya wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya wa jamii, wakae kwa benchi nje ya kliniki. Ukikaa hapo nyanya anakusikiliza, mnataja shida zako zote, renti ikiwemo, ndoa ikiwemo, halafu unachagua moja tu na mnatafuta hatua ndogo unaweza kuchukua wiki hii. Wiki ijayo unarudi mnaangalia imeenda aje. Utafiti wao ulitoka 2016 na ulionyesha waliokaa na nyanya walikuwa wamepata nafuu zaidi ya wale wa huduma ya kawaida. Kwa hivyo usichague kati ya renti na kaunsela, huyo nyanya anaanza na renti yenyewe.

Kijana, mambo mengine ya uwanjani. Siku hiyo msieleze kwa maiki mwenzenu alikufa vipi. Mkumbukeni kwa jina kama familia imekubali, semeni alivyokuwa anacheza, inatosha, ile njia iachwe kabisa juu kuna mtu hapo amekaa anasikiliza na yeye mwenyewe hayuko sawa. Lakini ukiwa na mtu pembeni na una wasiwasi naye muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Watu wanaogopa ati utamtia hayo mawazo. Hautamtia, wengi wanashukuru tu kwamba mtu ameuliza. Na akikubali usimwache peke yake.

Waambieni pia Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Nimeona familia zinaficha mgonjwa nyumbani siku tatu wakiogopa polisi, na hizo ndio siku anahitaji hospitali. Na kwa wazazi wanaotaja Mathari, ni kweli ilifunguliwa 1910 kama mahali pa kufungia watu, lakini sai ni hospitali ya rufaa na ya kufunza madaktari, watu wanaingia asubuhi kliniki, wanachukua dawa na wanarudi kazini.

Chama_ya_Jacaranda

Watoto wetu mnatusahau sisi kina mama. Mtu amejifungua miezi miwili, analia kila siku, bwana anasema ni uvivu. Huyo hawezi kuja uwanjani na mtoto. Mleteni huyo CHP kwa chama yetu tukimaliza mchango, robo saa tu, tutamsikiliza. Na tafadhali msichukue pesa ya watu wa beti ama wa pombe hata wakiwapa jezi za bure, watoto wetu wengi stresi yao imeanzia hapo.

Kijana_wa_Soweto

Asanteni sana wazazi wangu, na wewe bro wa stage, hii nimesomea vijana wote. Hiyo ya kitabu tumeipitisha jana usiku, kila ploti itakuwa na wawili wanaoijua vizuri na nyumba ikikaa kimya wanabisha. Ya beti tulikuwa tumepewa ahadi ya jezi na tumekataa. CHP wetu tumempata, kumbe anakaa nyuma ya kanisa, amekubali kukaa na sisi kabla ya mechi. Nesi, hiyo benchi tukiiweka iwe uwanjani ama pale kituoni? Na nani akae hapo, juu nyanya wa huku wengine watapeleka stori kwa soko.

Nesi_Eastlands

Uwanjani hapana, kila mtu ataona nani amekaa. Wekeni karibu na kituo, mahali watu wanangoja tu kwa kawaida. Kwa wa kukaa, waulizeni vijana wenu kila mmoja aandike kwa karatasi, bila jina lake, ni mtu mzima gani mtaani angemwambia siri. Majina yatakayojirudia ndio mwanze nayo, na CHP aongee na kituo wafunzwe kabla ya kukaa hapo. Ukipata hayo majina niandikie inbox nitakuambia kituoni waulize nani.