Bastola kiunoni Ngong: ionekane au ifichwe?

Mwanzisha mada
Wadau, nisaidieni kumaliza ubishi. Jumapili tulipanda milima ya Ngong, na mwenzetu mwenye leseni akavua koti kwa joto. Kiunoni Ceska ya chuma, ile CZ 75: kilo moja tupu, ukijaza risasi inakaribia kilo na robo. Imekaa kwenye mfuko wa ngozi, peupe. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu na watoto akawashika mikono, wakageuka.

Mwenzetu anasema njia hii watu wameporwa, acha ionekane. Mimi nasema Ngong si Alaska. Kule mtu hufunga rivolva kifuani kwa sababu ya dubu, na dubu hana haja na bastola yako. Mporaji wa huku ndiyo anayoitaka, kuliko hata simu.

Mchangiaji wa kwanza
Umesahau Westgate, lile jengo la maduka Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 2013? Raia wenye leseni waliingia mle ndani na bastola zao, watu wakatoka hai. Silaha iliyozikwa chini ya sweta na jaketi la mvua utaitoa saa ngapi?

Mwanzisha mada
Westgate ilikuwa vita, mzee. Ngong tulibeba chapati na chai ya chupa.

Mchangiaji wa pili
Nyote mnabishania koti, na mimi ningeanza na huo mfuko. Wangu nilishonewa Kariokor, ngozi laini ya mkoba, nzuri kweli kwa macho. Ikanyeshewa siku mbili za Aprili, mdomo ukalala. Kila nikitaka kurudisha bastola lazima niupanue kwa kidole. Siku moja, nikiwa chumbani, nikahisi bastola inakwama. Kutazama: pembe ya ngozi imejikunja ndani, imeingia mbele ya kifyatulio. Ningesukuma kidogo tu, paja langu lingekuwa na tundu.

Chuma kizito kama hicho kinataka ngozi nene iliyotengenezwa kwa magome, si ya kemikali za kromu. Hufinyangwa ikiwa imeloa maji juu ya umbo la bastola yenyewe, ikikauka inashika umbo. Mdomo uongezwe tabaka ili usilale, kifyatulio kifunikwe chote, na juu pawe na kikanda cha kifungo, maana mlimani unainama na kuruka mawe. Mafuta usiipake ovyo, italegea. Mshipi nao uwe wa tabaka mbili, upana wa inchi moja na nusu. Huu wa suruali ya ofisi utapinda na bastola itaning'inia kama ndoo. Ukifika nyumbani toa bastola humo kabla ya kuifungia kwenye sefu. Ngozi hunyonya unyevu, kutu huanzia hapo.

Mchangiaji wa tatu
Desemba 2018 serikali iliamuru wenye bunduki wote wakahakikiwe upya, na leseni hupokonywa. Mimi nafunika. Na kwenye mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, usiingie nayo bila ruhusa.

Mwanzisha mada
Nimempigia mwenzetu. Nikamwambia aitoe risasi, aweke bastola kando, abonyeze mdomo wa mfuko kwa kidole gumba. Kimya. Halafu: "Umelala." Anatafuta fundi mwingine. Koti bado anakataa, eti Ngong saa sita ni tanuri.