Vumbi ndani ya kompyuta za nyumbani: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ya mezani ipo sebuleni hapa Dodoma, barabara ya vumbi inapita dirishani, na kiangazi hiki upepo hauna huruma. Juzi ikaanza kujizima kila baada ya dakika kumi. Nikajua virusi, nikapiga Windows upya. Wapi! Kufungua kava, feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inazunguka vizuri tu. Nilipoing'oa ndipo nikaona: kati ya feni na yale mapezi ya alumini vumbi limegandamana kama sufi ya mto, ukilibandua linatoka kipande kizima. Hewa ingepita wapi? Prosesa ikifika karibu nyuzi 100 inajizima yenyewe isiungue. Virusi nilivisingizia bure. Nimetumia brashi mpya ya rangi, siku ya tatu leo haijazima. Yaliyowakuta nyie yaleteni hapa.

#2
Pole mkuu. Mimi brashi niliiona ushamba, nikaibeba kompyuta mpaka kwa fundi pancha aipulize kwa upepo wa matairi. Mpulizo wa kwanza likatoka wingu, tukacheka wote. Wa pili yakatoka maji. Kumbe tangi la kompresa linakusanya unyevu, wenye magari wanalijua hilo. Nami kwa haraka zangu nikaiwasha jioni ile ile. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ikaenda na maji, kweli kweli.

#3
Fundi wa mtaani, Tanga. Ukipuliza kwa blowa, ishike feni kwa kidole au kijiti cha mshikaki. Ikizungushwa kwa kasi isiyo yake beringi zinakufa, tena inageuka dinamo na kurudisha umeme kwenye bodi. Kabla ya hapo chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi, umeme uliobaki uishe. Pawasapulai, kile kiboksi cha kuingizia umeme, msiifungue jamani, kapasita za ndani zinashika umeme hata waya ukiwa mkononi mwako. Ipulizieni kwa nje.

Sisi wa pwani tuna la ziada: vumbi la huku lina chumvi, linavuta unyevu, linakuwa kama tope. Brashi kavu hailiwezi, nalifuta kwa pamba na spiriti, kisha naiacha ikauke kabisa.

Na ile isiyowaka, inalia bip bip tu: chomoa RAM (kile kibao cha kumbukumbu), sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, rudisha. Nimeshajiharibia biashara.

#4
Kwetu bi mkubwa aliifunika kwa kitambaa cha kudarizi, eti vumbi lisiingie. Siku moja mdogo wangu akaiwasha bila kukitoa, akaweka katuni, akasinzia. Tulistushwa na harufu. Matundu ya juu yote yalikuwa yamezibwa. Mama mpaka leo anasema kosa ni la katuni.

#1
Fundi, ufutio nimeujaribu kwa jirani, imewaka! Kanipa soda, nusu ni yako.

#5
Mwenzenu vumbi nimelizoea, shida yangu ni mjusi kafiri. Nilitoa kadi ya zamani, tundu la nyuma nikaliacha wazi, akaona pana joto, akahamia. Nimemkuta amekauka juu ya mazabodi, na mayai mawili pembeni. Tundu nimeliziba kwa kipande cha boksi la dawa ya meno. Mayai bado sijajua niyafanyeje.