Naombeni ushauri: Kutwa namuwaza mwandishi mwenzangu anayejimaliza kwa gongo, vyangu vimelala

Kalamu ya Ujiji:
Wakuu, habari za jioni. Anayetaka kutania naomba apite, jambo hili linaniumiza.

Naishi Ujiji, naandika. Hadithi zangu zimekataliwa na wachapishaji, sasa niko kwenye riwaya. Hapa mjini kuna jamaa, ananizidi umri kidogo, kibarua wa kubeba dagaa pale Kibirizi. Hajawahi kuchapishwa popote, lakini wakuu, yule mtu anaandika! Kuna mahali anaeleza taa za wavuvi ukizitazama toka ufukweni: "mji unaojengwa kila magharibi na kubomolewa alfajiri, na hakuna anayedai fidia." Niliposoma hapo nikashindwa kugusa kazi yangu.

Shida yake ni gongo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ili samaki wazaliane, vibarua walikosa kazi, naye akazama kabisa. Mkewe akarudi kwao Kasulu na watoto. Siku hizi hata ziwa likiwa wazi, mwezi ukipevuka mitumbwi ikalala, humkuti akiwa mzima. Akilewa anachana alichoandika, au anawapa wauza karanga wafungie.

Mimi naokota. Kaunta buku zake ninazo kwenye begi chini ya kitanda. Ameandika kwa penseli, akafuta, akarudia, mpaka karatasi zimetoboka, na pembeni kuna hesabu za madeni ya duka. Usiku nazinakili. Namfuata anakokunywa na kumnunulia, maana akipata kidogo anaanza kusimulia, nami narekodi kwa simu. Mke wangu ananiuliza familia yangu ni ipi.

Naogopa atakufa na yote yapotee. Na muda mwingine naona bila kupita alikopita yeye, sitaandika kitu cha maana. Nifanyeje?

Mtoto wa Gungu:
Kaa mbali mkuu. Una mke, lea nyumba yako.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, umesema unamnunulia ili asimulie. Hilo liache leo, kabla ya mengine yote.

Lakini usije ukamfungia ndani ukidhani unamsaidia. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege, na wengine hufa. Mpeleke Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, madaktari waamue namna ya kumwachisha. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na hospitali mwende siku hiyohiyo. Mtafute na ndugu yake wa damu, mzigo huu si wa kubeba peke yako.

Msomaji wa Tabora:
Nesi kamaliza upande wa afya. Mimi naongelea hizo kaunta buku, maana nami naandika.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi ni yake tangu alipoiandika, hata kama hajaisajili, hata kama aliitupa. Akifa, warithi wanabaki na haki hiyo kwa miaka 50. Kunakili ili zisipotee ni jambo jema, ila mwambie akiwa mzima kwamba unazo, na zile rekodi pia. Akiridhia, mchapishe vizuri mpeleke kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Riwaya zinapokelewa. Kwa jina lake lakini.

Hilo la kupita alikopita nalipinga kabisa. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Kezilahabi alifundisha chuo kikuu. Na huyo jamaa yako mwenyewe, tazama kurasa ulizo nazo: mtu anayefuta na kurudia mpaka karatasi itoboke hajalewa. Anafanya kazi.

Kalamu ya Ujiji:
Shikamoo mama Nesi. Mjomba wake yuko Mwandiga, namfahamu, kesho naenda kumuona.

Mkuu wa Tabora, nimelitoa begi sasa hivi nikaangalia. Za kilevi zipo, mwandiko unapanda na kushuka. Hazina kitu, ni matusi na majina ya watu anaowadai. Ule mstari wa taa uko kwenye ukurasa msafi, mwandiko umenyooka, na juu ameandika "asubuhi".

Mtoto wa Gungu:
Na riwaya yako wewe imefika wapi?

Kalamu ya Ujiji:
Sura ya nne. Naogopa kuifungua.

Msomaji wa Tabora:
Nitumie hiyo ya nne ilivyo, inbox. Nitaisoma na nitakwambia ukweli.

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Mjomba awepo mkienda, mbebe na nguo za kubadilisha, wanaweza kumlaza. Na mwambieni daktari anakunywa kiasi gani kwa siku na mara ya mwisho ilikuwa lini, msimfiche.