Mzee kauziwa vidonge vya "kutoa sumu" na anavuta sigara, nifanyeje?

Kisiki cha Muhogo:
Habarini wakuu. Baba yangu ana miaka 61, sigara kaanza kabla mi sijazaliwa na paketi haimalizi siku mbili. Juzi kaja dada mmoja na mkoba wake, akaomba glasi ya maji, akadondoshea aidini maji yakawa kama chai ya rangi, akafungua kidonge akamwaga unga akakoroga, maji meupe pe! Eti ndivyo sumu zinavyotoka mwilini. Mzee hoi, kachukua makopo mawili laki na themanini na ada ya mdogo wangu bado hatujamaliza. Kopo limeandikwa beta-karotini, vitamini C na E, antioksidanti (eti vya kuzuia sumu za oksijeni mwilini). Kuna ukweli hapo au tumepigwa?

Mtu wa Darubini:
Mmepigwa mkuu. Kanunue vitamini C ya kawaida duka la dawa, isage uitie kwenye aidini, rangi itapotea vilevile. Ile aidini haijaenda popote, imo humohumo kwenye glasi, imebadilika umbo tu ikapoteza rangi.
Ila hela sio tatizo kubwa, tatizo ni beta-karotini kwa mtu anayevuta. Finland walichukua wanaume 29,133, wote wavuta sigara wa miaka 50 hadi 69, wengine wakawa wanapewa miligramu 20 kila siku wakitegemea saratani ya mapafu itapungua. Majibu yametoka 1994, waliomeza beta-karotini wamepata saratani ZAIDI, asilimia 18. Marekani nao walikuwa na utafiti wao kwa wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye asbesto, Januari 1996 ikabidi wausimamishe kabla ya muda, huko ilikuwa asilimia 28. Sasa mzee wako si ndo mtu yuleyule?

Afya Ni Mtaji:
Acheni kuharibia watu biashara. Kwani karoti hazina beta-karotini, watu waache kula karoti? Sumu za oksijeni zinazeesha mwili hiyo ni sayansi, mi natumia mwaka wa tatu sijaumwa hata mafua

Mtu wa Darubini:
Karoti ale, papai ale, mchicha ale, hakuna aliyemkataza. Kidonge ni dozi kubwa ya kitu kimoja kila siku, sio kachumbari.
Na hizo "sumu za oksijeni" mwili unazitengeneza wenyewe kwa kazi maalumu. Seli nyeupe ikishameza bakteria inammwagia hizohizo ndo afe, kuna watoto wanazaliwa seli zao haziwezi, kila mara bakteria, mara fangasi. Hata dawa mseto unayomeza ukiwa na malaria, ile artemeta inakutana na madini ya chuma ndani ya kimelea inageuka radikali, yaani chembe kali za jamii hiyohiyo, zinamuua. Zikizidi ndo balaa, na mzee anaziongeza mwenyewe kila akivuta pafu moja la moshi

Bibi Kachumbari:
Laki na themanini 😂😂 mngekula mapapai mpaka mgeuke rangi

Kisiki cha Muhogo:
Mrejesho. Nimemfanyia mzee lile jaribio kwa vitamini C ya kawaida, kaangalia glasi weee, halafu kasema "mpigie yule binti." Kopo moja halijafunguliwa lakini simu haipokelewi. Kuhusu sigara kasema tutaongea baada ya Pasaka.