Naomba ushauri: nauli ya posta katika mchango wa kuchapa kitabu

Ndugu wanachama, salaam. Ninaishi Minnesota, nami nataka kuchapa kitabu cha watoto cha Kiswahili kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishia miradi, ambako fedha hutolewa pale tu lengo la mchango linapofikiwa, kisha hukatwa asilimia 5 mbali na ada za malipo. Bei ya uchapaji wa nakala 500 ninayo. Kinachoninyima usingizi ni nauli, kwa kuwa wengi walioniahidi kuchangia wako Nairobi na Dar es Salaam, na kutuma nakala mojamoja kumezidi bei ya kitabu chenyewe katika posta zote nilizouliza. Mimi mwenyewe niliwahi kuchangia mradi ambao haukunitumia chochote; sitaki kumfanyia mtu hivyo. Je, nauli niiingize katika lengo, au niitoze baadaye? Yupo aliyetuma shehena moja Mombasa, akasambaza kutoka huko?