Kafagia wadudu wa ziwani debe zima, eti "mbu wenu hawa hapa"

Wakuu mnaokaa ufukweni huku Mwanza, mnamjua ninayemsema, simtaji. Leo saa saba mchana, jua la kupasua bati, kaja na mashine yake inayonguruma kama trekta, kafukiza mtaa mzima, halafu kafagia wadudu wa ziwani debe zima na kutangaza: "Mbu wenu hawa hapa, leteni hela." WADUDU WA ZIWANI! Wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, hawaumi hata ndizi mbivu, na hufa wenyewe ndani ya siku chache bila kuguswa na mtu. Mtazame akiwa ametua: mbu huinua miguu ya nyuma na ana mrija kama sindano, wa ziwani huinua ya mbele na mrija hana. Debe zima!

Na saa saba! Hewa ya moto inapaa, moshi unapaa nayo kwenda kuwafukizia korongo. Kufukiza ni magharibi au alfajiri, upepo umelala, ndipo moshi unatambaa chini. Hata hapo unaua wanaoruka tu. Viluwiluwi vimo majini vinakuchora, na kwa joto letu yai linakuwa mbu kwa siku 7 hadi 14. Nyuma ya kipikapu chake kuna tairi bovu lina maji, viluwiluwi vinaogelea humo. Anatuuzia mbu, kisha anatuuzia moshi. "Mbu wenu hawa hapa." Daah!

SangaraMkavu: Pole mkuu. Ila hela mlitoa? Kama mlitoa, mbu siyo tatizo lenu kubwa.

BibiFuru: Debe mmelitupa? Ziwa Nyasa upande wa Malawi wadudu hao wanakandwa na kuliwa. Mmetupa kitoweo halafu mnalia. Siku nyingine zimeni taa za nje, hawatawajia.

KwatoLaNgombe: Mtoa mada unapiga kelele tu. Ziwa penye mawimbi na samaki halizalishi mbu. Wanazaliwa pembeni: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, mitumbwi mibovu iliyojaa maji ya mvua. Pindueni mitumbwi, fukieni mashimo. Mapipa mwageni kila wiki NA msugue kuta, maana mayai ya mbu wa dengue hugandia ukutani na kukaa makavu miezi, yakingoja maji. Dimbwi lisilofukika tieni dawa ya bakteria, kama ile inayotengenezwa Kibaha. Inafanya kazi ikiliwa. Kiluwiluwi kikishajikunja kama alama ya mkato hakili tena, ukichelewa umemwaga hela.

ShimoRefu: Wa kelele za usiku wengi ni kuleksi, wa vyooni. Makunduchi, Zanzibar, miaka ya 1980 walimwaga punje za staifoamu shimoni, tabaka la sentimita 1 hivi, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia. Bomba la hewa fungeni wavu.

SangaraMkavu: Shimo likifurika masika, punje zote ziwani. Sato watakuwa na godoro.

Mtoa mada: Mnahama mada! Nimesema DEBE, saa SABA, jua la utosi!

KwatoLaNgombe: Tumesikia, mkuu. Ziba nafasi kati ya ukuta na bati, mbu wa malaria anapita hapo hapo.

DagaaMbichi: Afadhali nyie. Huku majirani wanaanikia dagaa kwenye vyandarua vyenye dawa. Jua linaiua dawa, ndiyo maana hata ukikifua unaanika kivulini. Usiku wanalala wazi, asubuhi wanasema mtaa una mbu.

BibiFuru: Hao dagaa sado bei gani sasa?

DagaaMbichi: Usiulize. Sado zote zimebonyezwa kitako, unalipia hewa.

ShimoRefu: Kweli kabisa! Jana nusu ilikuwa mchanga. Soko gani hilo?

DagaaMbichi: Mnalijua, silitaji.